Jina la Chanda Juu, Maneno Yangu Chini

Kila mwaka ukikaribia kuisha, ninyi vijana wa Kashikishi munaanza kunisumbua. Munanisimamisha kwenye njia ya soko: "Papa Ilunga, mwaka mupya huu utaandika tena makala?" Nawajibu hapana. Munacheka, munadhani ni muzee anayetaka kubembelezwa. Sitaki kubembelezwa. Nimeacha kazi ile. Lakini kwa sababu sasa ziwa limefungwa, havuliwi samaki, na hakuna mutu mwenye haraka, kaeni niwaambie niliifanya namna gani na iliniacha namna gani. Mwenye kuipenda bado, aifanye. Sitamuzuia, wala sitamubariki.

Musidhani niliamka siku moja nikajiita muchambuzi wa siasa. Kule ng'ambo, Kongo, nilikuwa mwalimu wa shule ya musingi. Vita ilitutoa. Tukavuka ziwa katika mutumbwi wa mutu tusiyemujua, mimi na muke wangu Vero na nguo tulizovaa. Tulikaa kambini miaka, halafu tukapata ruhusa ya kuishi hapa wilaya ya Nchelenge, Zambia, kwa ajili ya biashara. Vero akaanza kuuza chisense, wale dagaa wadogo wanaokaushwa juu ya muchanga. Mimi nikafungua kibanda cha kuchaji simu karibu na bandari: betri ya gari, soleri juu ya bati, na benchi moja.

Benchi ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Mutu akileta simu kuchajisha haendi mbali, anaogopa itabadilishwa. Anakaa. Muvuvi wa hapa anakaa, mufanyabiashara wa ng'ambo anakaa, hata karani wa boma anakaa, na boma hapa ni serikali yenyewe. Wote wanangoja, kwa hiyo wote wanabishana. Nikajifunza kitu ambacho ninyi hamukijui: mutu akiona unamukazia macho, anapunguza ukweli. Akiona unahangaika na waya, anamwaga yote. Leo munamusogezea mutu simu mbele ya mudomo kwanza, ndipo munamuuliza. Atawaambia nini? Atawaambia anavyotaka kuonekana.

Kwenye benchi hiyo nilimupata Chanda. Yeye alikuwa mutoto wa hapahapa, baba yake alizaliwa hapa, babu yake pia. Alikuwa karani wa ushirika wa wavuvi, kijana mwenye sauti nzuri na kicheko cha karibu. Alikuwa na ukurasa wake kwenye mutandao, akiweka matokeo ya mipira na salamu za siku ya kuzaliwa. Kiswahili alikiokota bandarini, akakichanganya na Kibemba chake, lakini hakuna neno lililomupita.

Siku moja ya mwaka mupya tulikuwa wengi kwenye kibanda, tukisikiliza redio. Mukubwa mumoja wa Lusaka alikuwa anahutubia. Alihutubia, alihutubia. Alipomaliza, muvuvi mumoja akauliza, "Sasa amesema nini?" Watu wakaangaliana. Mimi nilikuwa natengeneza chaja, nikajibu bila kuinua kichwa:

"Ziwa letu amelitaja mara moja. Amesema linapendeza."

Benchi nzima ikacheka mpaka mutu mumoja akaanguka. Chanda yeye hakucheka. Alikuja karibu akaniambia, kwa ile "Ba" ya heshima ya Kibemba, "Ba Ilunga, iandike hiyo."

"Mimi ni mukimbizi," nikamuambia. "Siasa ya hapa si yangu. Karatasi yangu inasema vile."

"Siasa si yako, lakini chisense ya bibi yako inatoka wapi? Andika. Mimi nitatia jina."

"Na bakikukamata?"

"Mimi banikamate banipeleke wapi? Mimi niko kwetu."

Basi, njo vile tulivyoanza. Mimi niliandika kwa Kiswahili, nikamusomea kwa sauti, yeye akageuza kwa Kibemba akipiga kwenye simu. Tuliweka lugha zote mbili. Jina la Chanda juu, maneno yangu chini. Na kila mwaka mupya tukafanya hivyo tena, watu wakaanza kungoja. Ng'ambo walisoma, Chisenga kwenye kisiwa walisoma, mwenye simu akimusomea asiye nayo.

Niwaambie sasa ufundi wenyewe, kwa sababu naona munauharibu.

Mwezi wa kumi na mbili, tulichukua yale yaliyoahidiwa mwaka ule ukianza, tukaenda kuangalia kwa macho. Kwa miguu. Kama ni kliniki, tulisukuma mulango wa kliniki. Usiandike kwamba serikali imeshindwa. Kila mutu anaandika vile, hata hao wakubwa wanasemeana vile wakati wa kampeni. Andika: mulango umewekwa, kufuli imewekwa, nesi hajaletwa. Acha musomaji akasirike mwenyewe. Ukikasirika kwa niaba yake, yeye anatulia, anakupigia makofi, anaenda kulala.

Na musiandike "watu wanasema." Hiyo alinifundisha Vero, baada ya sisi kumuua mutu. Musishituke. Habari ilikuja kwenye benchi kwamba kiongozi fulani wa jimbo amekufa, kwamba familia inaficha. Kila mutu aliyefika alikuwa anaijua, tukaona imethibitishwa. Chanda akaweka rambirambi nzuri sana, nami niliitia mustari kutoka Zaburi. Siku iliyofuata marehemu akashuka kwenye gari lake hapa Kashikishi, akanunua muhogo wa kuchoma, akaula amesimama, akiwasalimia watu kwa mukono.

Chanda alitukanwa wiki nzima. Alisimama mbele ya ushirika akaomba musamaha, wala hakusema, "Ni Ilunga." Alirudi akakaa kwenye benchi akaniambia tu, "Muzee, yule mutu anakula vizuri kwa marehemu." Tulicheka mpaka machozi. Nawaambia hili ili mujue nilimupenda. Alikuwa ndugu yangu mudogo, na sikukosea kumupenda wakati ule.

Vero ndiye hakucheka. Aliniuliza, "Nani alikuambia?" Nikamutaja. "Na yeye alikuwa wapi ule mutu alipokufa?" Sikujua. "Na ule wa pili aliyekuambia, hawa wawili si wanakula sahani moja? Basi hao ni mutu mumoja." Kuanzia hapo tukawa na sheria: habari ni lazima itoke kwa watu watatu wasiokula pamoja. Ni sheria ya muuza samaki, anayejua kwamba wanunuzi watatu wakija na bei ileile, wamepatana njiani.

Miaka ikaenda. Chanda akawa mutu anayejulikana. Wamama wa sokoni walimuita "mudomo wetu". Watu wa chama wakaanza kumutembelea, wakamupa kofia, wakamupa viti vya mbele kwenye mazishi. Mwisho wakamuambia asimame kwenye uchaguzi awe kansala, diwani wa hapa. Alikuja kuniuliza, au tuseme alikuja akiwa ameshakubali na akaniuliza.

Nilifurahi, vijana. Sitaficha. Nilidhani maneno yetu yamepata miguu. Hotuba zake za kampeni niliandika mimi, na nikazisikia zikitoka kwenye spika juu ya gari, sauti yake nzuri, watu wakiitikia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na wauza mafuta ya taa, nasi wakimbizi hatupigi kura. Aliposhinda alikuja nyumbani na jogoo. Vero akapika bukari, ugali wetu wa ng'ambo. Chanda akanawa mikono, akasema, "Ba Ilunga, sasa tumeingia."

Nilipenda lile neno, tumeingia. Nililirudia kwa Vero alipokuwa anatoa sahani. Akaniambia, "Yeye ameingia. Wewe uko hapa na mimi."

Mwajua jinsi ziwa linavyofungwa mwezi wa kumi na mbili mpaka mwisho wa mwezi wa pili ili samaki wazae. Ni sheria nzuri, sijawahi kuandika dhidi yake. Lakini doria ya mwaka ule ilikuwa ya watu wasiomuuliza mwenye mutumbwi. Kule Chisenga kulikuwa na Musonda, mutu wa makamo, mwenye mutumbwi wa mashini. Musonda hakuvua. Alibeba abiria, magunia, na wagonjwa. Siku chache kabla ya mwaka mupya doria ilimukuta ufukweni, ikasema mutumbwi unanuka samaki, ikauvuta mpaka boma. Mutumbwi gani wa ziwa hili la Mweru haunuki samaki?

Siku iliyofuata binti wa jirani yake, Bupe, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wakamupakia kwenye mutumbwi wa kasia, kwa maana wa mashini haukuwepo. Upepo ulikuwa wa mbele. Walipofika kliniki ya huku, Bupe alikuwa hai na mutoto hakuwa hai.

Musonda mwenyewe alinieleza, amekaa kwenye benchi bila simu ya kuchaji. Sikuandika. Nilifuata sheria yetu. Nilimupata nesi, akanithibitishia. Nilivuka kwa kasia mpaka Chisenga, nikakaa na mama yake Bupe, akanionyesha pale mutumbwi ulipokuwa umefungwa, hakuna wavu hata wa kukamatia kuku. Kisha nilimutafuta mutu wa doria mumoja, akaniambia bila kuficha: "Tulijua ni wa abiria. Tulimupigia ba kansala tumuulize, akasema tuulete tu, mambo yatatengenezwa baada ya sikukuu."

Kansala alikuwa Chanda.

Nilimufuata bironi, ofisini kwake, muchana, watu wakipita na mafaili. Alikuwa na meza mupya. Nikafunga mulango, nikamuambia nimeanza makala ya mwaka mupya na itakuwa juu ya Chisenga.

"Awe," akasema. Hapana. "Mwaka huu, muzee, tuandike kwamba ziwa linalindwa. Bakubwa bamefurahi na doria yetu."

"Na mutoto?"

"Ile si siasa. Ile ni bahati mubaya."

"Doria ilikupigia simu, Chanda."

Nilingoja aseme, "Nilikosa." Angesema vile, tungeandika pamoja, na ingekuwa makala bora kuliko zote: kansala anayejiandika mwenyewe. Nilikuwa na mustari wa kwanza tayari kwa ajili yake.

Akasema, "Ba Ilunga, ukurasa ni wangu."

"Ndiyo. Ni wako."

"Basi."

Nilirudi kibandani nikafungua ukurasa wangu, kwa jina langu, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. Siku ya mwaka mupya nikaweka. Niliandika nilichokiona, nilichoambiwa na nani, na simu ilipigwa kwa nani. Sikutukana. Kabla jua halijawa kali, watu wa bandari walikuwa wanasomeana. Ng'ambo walituma salamu. Mutu nisiyemujua akaigeuza kwa Kibemba. Nilikaa kwenye benchi langu kama bwana harusi.

Chanda hakujibu kwa kuandika, maana hakuweza. Alijibu kwa mudomo. Aliitisha mukutano sokoni, akapanda juu ya kreti, na ile sauti nzuri ikasema:

"Mumesoma maneno ya mutu anayeitwa Ilunga. Muulizeni kadi yake. Ni mukimbizi. Tulimupokea, tukamupa pa kulala, leo anatutukana. Na hawa wa ng'ambo ndio wanaovua na vyandarua wakati sisi tumefunga ziwa. Anawatetea ndugu zake!"

Musonda hakuwa ndugu yangu. Ni Muzambia. Bupe ni Muzambia. Hata mutoto angekuwa Muzambia kama angepumua. Lakini nani angesikia? Watu walikuwa na njaa ya ziwa lililofungwa, na mutu amewapa sababu.

Meza ya Vero ilipinduliwa siku ileile. Chisense yake yote ilikanyagwa ndani ya matope, na mvua ilikuwa imenyesha. "Kauzie kwenu!" walimuambia, watu aliowakopesha chumvi. Jirani yake wa meza, mama waliyeuza pamoja miaka na miaka, alikuwa ameinama anapanga nyanya zake upya. Nyanya ambazo hazikuwa zimeanguka.

Nilimukuta Vero amechuchumaa, anaokota dagaa mumojamumoja, anaweka kwenye kitenge. Nikamuambia acha. Hakuacha. Akasema, "Usiniambie niache. Wewe ndiye uliyekuwa na kazi ya maneno. Kazi yangu ni hii."

Baadaye niliitwa kwenye biro inayosimamia wakimbizi. Ofisa alikuwa kijana mwenye adabu, alinipa kiti, alinipa chai. Alisema, "Papa, unajua masharti ya ruhusa yako. Mambo ya siasa hayamo. Mimi binafsi nimesoma makala yako, ni nzuri. Lakini ni ama uifunge, ama nikurudishe kambini na mama." Aliona haya kusema, na mimi niliona haya kumusikia akiona haya. Nikatoa simu nikaufuta ukurasa mbele yake. Kufunga kibanda kunachukua muda murefu zaidi. Kuna waya, kuna betri, kuna benchi la kuingiza ndani.

Munaniuliza kilichouma ni nini zaidi. Munafikiri ni mukutano, au meza. Niwaambie. Baada ya mwezi mumoja hivi, benchi lilianza kujaa tena, kwa sababu simu hazina chama. Yule karani wa boma alikuwa amekaa, akaanza kusema, "Zamani Chanda alikuwa anaandika! Siasa imemuharibu." Wote wakaitikia, kweli, Chanda alikuwa na kalamu. Sikuweza kuvumilia. Nikasema:

"Zile zote niliandika mimi."

Kisha karani akanipiga bega polepole, kama mutu anayemutuliza mugonjwa. "Ba Ilunga, mukwai," akasema kwa adabu. "Wivu ni mubaya."

Sijalisema tena mpaka leo.

Mutumbwi wa Musonda ulirudishwa ziwa lilipofunguliwa. Chanda aliukabidhi mwenyewe, na wapiga picha. Musonda alimushika mukono kwa mikono yote miwili na kupiga goti kidogo, maana alihitaji mutumbwi. Bupe aliolewa upande wa Mansa na sijasikia habari zake.

Sasa, ninyi wengi mumezaliwa hapa, na wengine muna kadi za uraia. Kama mutaandika, tieni majina yenu tangu neno la kwanza, hata kama mutaandika juu ya mbwa wa jirani. Mutu akikuambia atakubebea jina, anakubebea na mengine. Chanda hakunidanganya siku ile ya kwanza. Alikuwa kijana mwema aliyetaka watu wacheke na wajue. Lakini alisifiwa miaka mingi kwa kazi ambayo hakuifanya, na mutu wa namna hiyo hajifunzi jinsi inavyouma kuifanya. Kwa hiyo ilipofika zamu yake ya kuumia, hakuwa na mazoezi.

Uchaguzi uliofuata chama kilimuacha, kikasimamisha mwingine mwenye gari. Mwezi wa kumi na mbili uliopita alikuja nyumbani, muchana, mimi na Vero tuko barazani. Amekonda. Alibeba jogoo.

Vero alimupokea jogoo, akaingia ndani. Mimi nikamupa kiti. Mutu akifika kwako anakaa, hiyo haina siasa.

"Muzee," akasema, "watu wananiuliza kwa nini siandiki tena kama zamani. Bananikumbuka. Tungeandika ya mwaka mupya, wewe na mimi, kama mwanzo. Ukurasa bado uko. Watu beko wote mule, hawajatoka."

"Andika."

"Nianze namna gani?"

"Anza na Chisenga."

Alitoa simu yake. Namuheshimu kwa hilo: aliitoa. Aliishika kwa mikono miwili, vidole gumba juu ya herufi, na akaangalia. Jogoo alilia nyuma ya nyumba. Nilimungojea kuliko nilivyowahi kumungojea mutu, na nawaapia, kama angeandika mustari mumoja wa kweli, hata na makosa, ningemusahihishia.

Vero akaleta bukari na mboga. Jogoo hakumuchinja. Chanda akaiweka simu mufukoni, akanawa mikono, tukala. Alisifu mboga. Alipoondoka, Vero alimurudishia jogoo wake amefungwa miguu vizuri, akamuambia, "Salimia watoto."

Siku ya mwaka mupya niliangalia ukurasa ule. Alikuwa ameweka picha ya maua mekundu na maneno ya kuwatakia watu wote heri na baraka. Waliobonyeza alama ya kupenda walikuwa wengi sana. Karani wa boma aliandika chini yake: "Hatimaye, mwandishi wetu amerudi."